Ndege Zilizofungwa Kwenye Boya: Imperial Airways na Safari Yake ya Kufika Mombasa

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilikuwa rubani, na sikuwahi kurusha ndege hata siku moja. Nilitoka kwa boti hadi nje ya miamba, nikapanda ngazi ya kamba ubavuni mwa meli ya kigeni, nikaamkiana na nahodha wake, kisha nikaiongoza meli hiyo kupitia mlango wa Kilindini mpaka gatini. Mpwa wangu anayesomea kurusha ndege husema kwamba sisi ni mapailoti wa bandari tu, na kwamba rubani ni wa ndege. "Mjomba," aliniambia Idi iliyopita, "neno hilo tuachieni sisi." Nilimkumbusha kwamba tulilipokea kwa Waarabu, ambao kwao rubani ni mwenye kuongoza chombo baharini, na kwamba lilikuwa limekwisha kuzeeka katika pwani hii kabla ndege ya kwanza ya abiria haijaundwa. Nikamweleza pia kwamba kulikuwa na miaka kumi hivi, hapa hapa Mombasa, ambapo rubani wa angani na rubani wa majini walitumia maji yale yale, wakaulizana habari zile zile za upepo na mkondo, na wote wawili wakafunga vyombo vyao kwenye boya. Alinitazama kana kwamba namtungia hekaya. Haya ninayoyaandika ni jibu langu kwake, na kwa yeyote mwingine anayedhani kwamba usafiri wa ndege wa kimataifa ulianza kwenye lami.

Vyombo ninavyovisema vilikuwa vya Imperial Airways, shirika la Uingereza lililoundwa tarehe 31 Machi 1924 kwa kuunganisha kampuni nne ndogo ambazo hakuna hata moja iliyoweza kusimama kwa miguu yake: Handley Page Transport, Instone Air Line, Daimler Airway na British Marine Air Navigation. Serikali iliahidi ruzuku ya pauni milioni 1 kwa muda wa miaka 10. Mwanzo wenyewe ulikuwa wa aibu kidogo, kwa sababu marubani waligoma wakipinga masharti ya malipo, na safari za kawaida kutoka uwanja wa Croydon, kusini mwa London, zikachelewa hadi mwishoni mwa Aprili. Sioni haja ya kukaa juu ya miaka ile ya kwenda Paris na kurudi. Habari yenye uzito inaanza pale shirika lilipotakiwa kwenda mbali, India na Afrika, na kugundua kwamba kuruka ndiko kulikokuwa kwepesi katika kazi hiyo. Shida ilikuwa kutua.

Ndege za wakati huo zilibeba mafuta ya kuzifikisha kilomita mia kadhaa tu. Kwa hiyo, baina ya Cairo na Cape Town palihitajika viwanja kwa makumi, kila kimoja na ardhi iliyosawazishwa, mapipa ya mafuta yaliyotangulizwa kwa reli, kwa stima au kwa vichwa vya wapagazi, fundi wa kutazama injini, mahali pa kulala, na idhini ya serikali inayotawala pale. Jeshi la anga la Uingereza lilikuwa limetuma vikundi vya upimaji mara tu baada ya Vita vya Kwanza, na mwaka 1919 vibarua kwa mamia walikuwa wakikata miti na kubomoa vichuguu, baadhi yake virefu kuliko nyumba, ili kupata njia za kutulia. Hao majina yao hayakuandikwa popote nilipopata kusoma. Walioandikwa ni Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, Waafrika Kusini walioondoka Uingereza tarehe 4 Februari 1920 na kufika Cape Town tarehe 20 Machi, siku 45 baadaye, wakiwa katika ndege yao ya tatu. Ya kwanza iliharibika Korosko, kusini mwa Misri, na ya pili Bulawayo. Huwezi kuuza tiketi kwa safari ya namna hiyo.

Mtu aliyeigeuza njia hiyo kuwa jambo la biashara ni Alan Cobham. Aliondoka London tarehe 16 Novemba 1925 katika ndege ndogo ya de Havilland DH.50, akiwa na fundi wake Arthur Elliott na mpiga picha za sinema B. W. G. Emmott, akafika Cape Town tarehe 17 Februari 1926. Usimpime kwa mwendo, kwa sababu muda mwingi aliutumia chini, akipima viwanja, akiwauliza maafisa wa wilaya habari za mvua, na akiandika ni wapi udongo hugeuka tope. Mwaka 1927 T. A. Gladstone naye alijaribu njia ya Khartoum hadi Kisumu kwa ndege iliyovishwa maboya badala ya magurudumu. Kuanzia Novemba 1927 hadi Juni 1928 Cobham alirudi, safari hii kwa ndege kubwa ya majini aina ya Short Singapore, akaizunguka Afrika. Nadhani safari hii ya pili ndiyo iliyokuwa na maana kubwa zaidi kwetu sisi wa pwani, ingawa ile ya kwanza ndiyo iliyompa sifa. Ilionyesha kwamba bara hili, ambalo kuchimba uwanja mmoja ndani yake kuligharimu miezi, lilikuwa tayari na viwanja vingi ambavyo havikuhitaji jembe: mto Nile, maziwa makuu, na hori za pwani.

Hata hivyo Imperial Airways haikuamini maji peke yake kwa mara moja. Tarehe 28 Februari 1931 ilifungua njia ya kila wiki kutoka London hadi Mwanza, kusini mwa ziwa Victoria, ingawa mwanzoni abiria walichukuliwa hadi Khartoum tu na zaidi ya hapo zilikwenda barua. Tarehe 20 Januari 1932 barua zilianza kwenda hadi Cape Town, na tarehe 27 Aprili mwaka huo abiria wakafuata, kwa nauli ya pauni 130 na safari ya siku 11 hivi. Ukisoma matangazo ya wakati ule utadhani mtu aliketi kitini London akanyanyuka Cape Town. Ukweli ni kwamba msafiri aliruka kutoka Croydon hadi Paris, akapanda treni hadi Brindisi kusini mwa Italia, akavuka bahari ya Mediterania kwa ndege ya majini aina ya Short Kent hadi Alexandria, akapanda treni nyingine hadi Cairo, akachukua ndege ya magurudumu aina ya Argosy hadi Khartoum, akahamia ndege ya majini aina ya Calcutta hadi Kisumu, kisha akamaliza safari kwa de Havilland Hercules ya injini tatu kupitia Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, Broken Hill (Kabwe ya leo), Salisbury (Harare ya leo) na Johannesburg. Vyombo saba kwa tiketi moja. Treni ile ndefu ya Ulaya ilikuwepo kwa sababu Uingereza na Italia hazikuwa zimeafikiana juu ya kupita angani kwa Italia, na uhasama wa serikali mbili ukamlaza abiria wa Afrika kwenye behewa.

Tazama orodha hiyo ya vituo utaona kwamba Mombasa haimo. Njia kuu ilipita Kisumu na Nairobi, ikateremka bara kwa bara. Barua ya mfanyabiashara wa Mombasa au Unguja ililetwa na kampuni ya Nairobi, Wilson Airways, iliyoanzishwa mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson pamoja na rubani Tom Campbell Black, ambayo kuanzia mwaka 1932 ndege zake ndogo ziliziunganisha Nairobi, Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam na ndege za Imperial Airways. Mji wenye bandari kubwa kuliko zote Afrika Mashariki ulikuwa mwisho wa tawi. Jambo hilo lilibadilika mwaka 1937, na lililolibadilisha lilikuwa uzito wa barua.

Mwezi Desemba 1934 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kusafirisha kwa ndege barua zote za daraja la kwanza ndani ya himaya yake bila ada ya ziada, kwa peni 1 na nusu kwa kila nusu aunsi. Kabla ya hapo barua ya ndege ilikuwa kitu cha mwenye haraka na mwenye nacho, na iliyobaki ilikuja kwa meli. Kuhamisha barua zote kutoka melini kwenda angani kulimaanisha mzigo wa tani juu ya tani kila wiki, mzigo ambao ndege za wakati ule hazikuweza kuubeba, na ambao ndege kubwa zaidi zingeubeba tu ikiwa viwanja vyote vya njiani vingepanuliwa na kuimarishwa. Kiwanja cha udongo kinachovumilia ndege ya tani 5 wakati wa kiangazi hakiivumilii ya tani 18 wakati wa masika. Kujenga upya makumi ya viwanja kutoka Misri hadi Natal kungekula fedha ambazo hakuna serikali iliyotaka kuzitoa. Maji, ambayo hayapasuki wala hayageuki tope, yalikuwa bure.

Hapo ndipo shirika lilipofanya jambo la kijasiri ambalo mimi, niliyezoea meli kujaribiwa kabla ya kupokewa, bado hunistaajabisha. Liliagiza kwa kampuni ya Short Brothers ya Rochester ndege za majini 28 za aina mpya kabisa, zikiwa bado ni michoro, bila kusubiri hata moja ielee. Ya kwanza, Canopus, iliruka tarehe 3 Julai 1936. Majina yote ya ndege hizo yalianza kwa herufi C. Kila moja ilikuwa na urefu wa karibu mita 27, mabawa ya karibu mita 35 kutoka ncha hadi ncha, injini nne za Bristol Pegasus zenye nguvu-farasi 920 kila moja, na uzito wa tani 18 ikiwa imepakiwa. Ilikuwa na sitaha mbili: marubani na mifuko ya barua juu, abiria wasiozidi 24 chini, pamoja na sehemu ya kusimama na kutembea mbele ya madirisha. Mwendo wake wa kawaida ulikuwa kilomita 265 hivi kwa saa.

Tarehe 2 Juni 1937 njia mpya ilifunguliwa kutoka Southampton hadi Durban. Ilishuka Ulaya na Misri, ikafuata Nile hadi Khartoum na Malakal, ikafika Port Bell na Kisumu, kisha, badala ya kwenda Nairobi, ikakata kuelekea pwani: Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, mji wa Msumbiji, Beira, Lourenço Marques (Maputo ya leo), Durban. Tarehe 29 mwezi huo huo ndege iitwayo Centurion iliondoka Southampton na barua za kwanza za mpango mpya, zaidi ya tani moja na nusu. Nairobi, makao makuu ya serikali, ikajikuta ndiyo iliyo kwenye tawi, ikitegemea Wilson Airways kuifikisha Kisumu. Sijifichi kwamba kila ninaposoma habari hiyo mimi mtu wa kisiwani hutabasamu kidogo.

Sasa niingie kwenye kazi ninayoijua. Ndege ya majini haikuwa ndege iliyovishwa viatu vya maji. Tumbo lake lenyewe ndilo lililokuwa mashua, lenye omo (sehemu ya mbele), shetri (sehemu ya nyuma) na mkuku (uti wa chini), na katikati ya tumbo hilo palikatwa ngazi moja, kama kizingiti kilichopinduliwa. Inapoanza kukimbia hulima maji kama jahazi lililojaa. Mwendo ukiongezeka, omo huinuka, kisha ndege hupanda juu ya maji na kuteleza juu ya sehemu ya mbele ya tumbo peke yake, huku ile ngazi ikiruhusu hewa kuingia chini na kuyakata maji yasishikamane na sehemu ya nyuma. Bila ngazi hiyo maji huivuta ndege chini, na injini zote nne hazitoshi kuibandua.

Kutokana na hayo utaelewa jambo ambalo mpwa wangu alilikataa kabisa, kwamba maji yaliyotulia kama kioo yalikuwa adui. Viwimbi vidogo huingiza hewa chini ya tumbo na kurahisisha kubanduka. Shwari kamili hushika, na ndiyo maana mara nyingine mashua ya kituo ilitangulizwa kukimbia huku na huko ili kuyavuruga maji. Katika kutua shwari ni mbaya zaidi, kwa sababu jicho halina cha kushika: uso wa maji hauonekani, kinachoonekana ni mbingu iliyopinduliwa. Tarehe 1 Oktoba 1937 ndege iitwayo Courtier ilianguka kwa namna hiyo katika ghuba ya Faliro, Athens, na abiria wakapoteza maisha. Hapa kwetu hali ya namna hiyo hutokea hasa wakati wa malelezi, ambao wengine huuita tanga mbili, pale upepo wa kaskazi unapokuwa umekata na ule wa kusi haujashika, na asubuhi mapema kabla upepo haujaamka. Njia ilifunguliwa Juni, kusi ikiwa imeshika sawasawa, na kwa rubani wa ndege ile kusi ilikuwa rehema ndani ya hori na karaha nje ya miamba.

Mombasa ina sifa ambazo mtu akizitafuta kwenye ramani ya pwani nzima hazipati kwa wingi. Kilindini, kama jina linavyosema, ni mahali pa vilindi. Kisiwa chenyewe na miamba ya nje huvunja mawimbi ya bahari kuu, na hori huingia ndani kwa kilomita kadhaa, zikiacha maji marefu yenye kina na utulivu wa kiasi. Yapo pia matatizo. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi, hivyo mahali penye kina cha kutosha saa kumi alfajiri panaweza kuwa tope saa nne asubuhi, na ngazi ya kushukia abiria haina budi kuelea. Mkondo wa maji yakitoka ni mkali. Isitoshe, maji hayo yalikuwa na wenyewe, kuanzia meli, matishali na majahazi hadi ngalawa za wavuvi na mtu anayevuka na kihori chake bila habari ya ratiba ya mtu yeyote. Kabla ya kila kutua na kila kuruka mashua ya kituo ilipaswa kuisafisha njia yote, kwa sababu gogo moja linaloelea lingeweza kuupasua mkuku wa bati jembamba la alumini.

Kazi ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, ilikuwa kushika boya. Meli iliyotia nanga husikiliza mkondo, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili wake imo majini. Ndege ya majini, yenye mkia mrefu wima na mabawa mapana, na inayozama kidogo tu, husikiliza upepo. Kusi ikivuma upande mmoja na maji yakitoka upande mwingine, vyombo viwili vilivyofungwa jirani hutazamana kama waliogombana. Rubani anayeliendea boya katika hali hiyo hana breki, na injini zake hazirudi nyuma. Alilolifanya ni kuzima baadhi ya injini, kutupa mifuko ya turubai majini kutoka madirishani ili imkokote na kumpunguzia mwendo, huku baharia amesimama kwenye tundu la omo na mti wenye kulabu, rafadha zikizunguka nyuma ya kichwa chake. Nimeshika maboya mengi kwa meli kubwa kwa msaada wa matagi mawili, na sina hamu ya kujaribu kwa njia ile.

Ukiwa Kisumu mambo yanageuka. Ziwa lile liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mabawa hupata mwinuo mdogo na injini hupumua kwa shida, kwa hiyo ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kubanduka. Tena maji ya ziwa ni matamu, na maji matamu hubeba chombo kwa nguvu ndogo kuliko ya chumvi, kwa hiyo ndege ile ile yenye mzigo ule ule huzama kidogo zaidi. Tofauti ni ya asilimia mbili na nusu hivi, nasi wa meli huihesabu kila siku. Mombasa ilikuwa kinyume chake: usawa wa bahari, hewa nzito, chumvi ya kutosha. Malipo yake ni kwamba chumvi hiyo hiyo hula alumini, na tumbo linaloachwa majini huota kome na majani.

Baina ya vituo hivyo viwili mna kilomita 700 hivi za nchi kavu. Piga mstari ulionyooka kwenye ramani uone mashua inapita juu ya nini: inapanda juu ya Mau, inakata Bonde la Ufa, inapita Kajiado, inaiacha Kilimanjaro kwa mbali mkono wa kulia, inavuka Tsavo na nyika ya Taru. Kwa saa mbili na nusu na ushei abiria walikaa ndani ya chombo chenye mkuku na nanga, juu ya nchi isiyokuwa na maji ya kulowesha hata mguu. Kipande hicho sijui kama wasafiri walikipenda, kwa kuwa mchana jua la nyika hurusha hewa juu na ndege ikarushwa nayo.

Miaka yenyewe haikuwa salama. Tayari tarehe 31 Desemba 1935 ndege ya Calcutta iitwayo City of Khartoum ilikuwa imeishiwa mafuta ikikaribia kutua Alexandria, wakafa watu 12 kati ya 13. Tarehe 5 Desemba 1937 Cygnus iliharibika ikiruka Brindisi, kwa sababu vibawa vya kuongezea mwinuo viliteremshwa kupita kiasi, na watu wawili wakafa. Lakini kisa kinachoeleza vizuri zaidi maana ya kutegemea maji ni cha Corsair. Tarehe 14 Machi 1939 ilikuwa ikipanda kaskazini kutoka Durban kwa njia yetu hii. Ilipotoka Port Bell kuelekea Juba, chombo cha kuonyesha mwelekeo kwa redio kiliipotosha, na mafuta yakiwa yanakwisha rubani wake, E. S. Alcock, akaiteremsha kwenye mto Dungu karibu na Faradje, katika Kongo ya Wabelgiji. Wote walipona, lakini jiwe lilikwisha kupasua tumbo. Mafundi waliletwa, wakaishi pale miezi, wakaiziba, na ilipojaribu kuruka ikapiga jiwe tena. Hatimaye walijenga bwawa kuuinua mto, na tarehe 6 Januari 1940 John Kelly-Rogers akairusha. Miezi kumi, bwawa moja na barabara, kwa ajili ya ndege moja: utaona thamani iliyokuwa nayo. Utaona pia kwamba yale maji ya bure hayakuwa ya bure kila mahali.

Wakati huo Imperial Airways yenyewe ilikuwa ukingoni. Kamati ya Cadman, iliyoundwa na serikali kuichunguza, ilikuwa imeikosoa vikali mwaka 1938, mkurugenzi wake George Woods Humphery akaondoka, na sheria ya mwaka 1939 ikaiunganisha na British Airways ya wakati huo kuwa shirika jipya la serikali, BOAC, lililochukua kazi zote tarehe 1 Aprili 1940. Miezi michache baadaye Italia iliingia vitani na njia ya Mediterania ikafungwa. Ndege zilizokuwa Afrika zikapangwa upya katika njia iliyoitwa ya kiatu cha farasi, kutoka Durban kupanda hadi Misri na kuteremka mashariki hadi Sydney, na hivyo Mombasa, iliyoanza kama kituo cha mbali na London, ikawa kwenye njia isiyofika London kabisa. Jeshi la anga nalo likaleta Kipevu ndege zake za Catalina za kuwinda nyambizi katika bahari ya Hindi.

Vita hivyo hivyo ndivyo vilivyoiondoa ndege ya majini. Majeshi yalihitaji viwanja vya haraka, yakavijenga kila mahali bila kuuliza bei, na hapa kwetu wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini wakajenga uwanja wa Port Reitz, upande wa bara, ambao leo ni Uwanja wa Kimataifa wa Moi. Swali la Cobham, la wapi pa kutua, likajibiwa kwa fedha za vita. Njia ya pwani hadi Durban ilikoma mwanzoni mwa mwaka 1947. BOAC iliporudisha ndege za majini Afrika mwaka 1948, zikiwa za aina ya Solent na zikielekea Johannesburg, zilitua kwenye ziwa Naivasha na zikatuacha sisi, na hata hizo zikaisha Novemba 1950. Pwani ilikuwa tayari imekabidhiwa kwa East African Airways, iliyoanza tarehe 1 Januari 1946 na ndege sita ndogo za Dragon Rapide, zenye magurudumu.

Mpwa wangu atakapotua Port Reitz kwa mara ya kwanza akiwa ameshika usukani mwenyewe, ataona kwenye ncha za njia kuu namba 03 na 21 zimechorwa kwa rangi nyeupe. Anajua maana yake kuliko mimi: nyuzi 30 na nyuzi 210 za dira. Nilimwomba azichore kwenye karatasi juu ya ramani ya kisiwa, kisha aniambie kaskazi hutoka wapi na kusi hutoka wapi. Alichora, akaitazama ile karatasi kwa muda, akaniuliza kama bado ninazo zile chati zangu za zamani za Kilindini.